Ndoo ya Pili

Mume wangu hawezi kupita kwenye mita ya maji bila kuisoma. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, mtaa kwa mtaa, daftari kwapani na kalamu imefungwa kwa uzi shingoni, na siku aliyostaafu ofisi ikampa saa ya ukutani na cheti. Mimi ikaniachia yeye. Tangu hapo anasoma mita yetu kila siku saa kumi na mbili jioni, anatoa namba ya jana kwenye ya leo, na jibu analiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Sisi wawili tunatumia lita mia na arobaini. Siku lita zikifika mia na hamsini, hatupumui mpaka ijulikane hizo kumi zimekwenda wapi. Mtaani wanamwita Mzee Mita, naye anaitika.

Sisemi kwamba ni mkono wa birika. Ukimwomba shati atakuvulia alilolivaa. Ila akiona bomba limefunguliwa na mtu yuko anatazama pembeni, anaumwa, tena anaumwa kweli. Kwetu mtu anaoga kwa ndoo moja na kopo. Maji yaliyooshewa mboga yanakwenda kwenye makopo ya rangi aliyopandia mboga nyingine uani. Maji ya sabuni yanasubiri kwenye pipa jeusi, hayo ni ya choo. Ndani ya tangi la choo ametumbukiza chupa mbili zilizojaa mchanga ili likivutwa lisimwage mengi. Maganda yana shimo lake, karatasi zina boksi lake, chupa zina gunia lake, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye pipa la taka, ambalo haliendi kumwagwa kabla hajalikagua. Huwa anatoa kitu, labda mfuniko wa kopo, anauinua juu na kuniuliza, "Na huu nao umekosa nini?"

Mimi ni mpishi wa shule. Ninapikia watoto mia nne, na sufuria zangu peke yake zinakunywa pipa zima kuoshwa. Halafu nikirudi nyumbani napimiwa maji kama mgonjwa anavyopimiwa dawa. Nimepiga kelele, nimenuna, nimewahi kulala kwa dada yangu siku mbili. Niliporudi nikakuta mlangoni pameandikwa lita sitini na mbili, tena kwa chaki ya rangi. Alikuwa ameshangilia!

Nikimuuliza kwa nini, jibu lake ni lile lile. Anasema katika miaka yote hiyo aliona nyumba ambazo mita inazunguka mchana kutwa na wenyewe hawapo, choo kinavuja tu. Na mwisho wa bomba hilo hilo aliona nyumba ambazo mita haijasogea mwezi mzima. Kule alikuwa anaandika sifuri, anafunga daftari, na mama mwenye nyumba anasimama pale anamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeyanywa. "Hayo unayoyaacha yakimbie," ananiambia, "kuna mtu kule anayangoja." Hapo ndipo huwa nakasirika zaidi.

Binti yetu ni mmoja tu, na baba yake alimpoteza kwa kubisha mlango.

Tangu akiwa mdogo, akiingia bafuni, baba yake alikuwa anahesabu makopo kwa masikio. Likifika la kumi na tano anabisha mara tatu: ngo, ngo, ngo. "Mwanangu, imetosha." Msichana wa miaka sita alicheka. Wa miaka kumi na sita hakucheka tena. Na asubuhi ya harusi yake, nyumba imejaa mashangazi, bibi harusi yuko bafuni anaosha nywele, tukasikia ngo, ngo, ngo. Alitoka akiwa na povu masikioni. Ile picha kubwa iliyoko sebuleni, ukiisogelea, utaliona povu nyuma ya hereni ya kushoto. Wageni hawalioni. Sisi watatu tunaliona.

Basi akaolewa, akahamia mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Kwa miaka minne akawa anakuja kututembelea asubuhi na kuondoka jioni. Anakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Hajawahi kuoga tena katika nyumba hii. Mimi huwa natandika kitanda chake kila anapokuja, na kila anapoondoka natandua. Nilikuwa na uchungu kwa jambo hilo kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Alipokuwa na mimba ya miezi minane alinipigia simu nikiwa jikoni shuleni, mwiko mkononi.

"Mama, mume wangu anasafiri kikazi miezi miwili nikishajifungua. Nataka nije kukaa na wewe."

Niliuweka mwiko chini. "Njoo, mwanangu. Njoo hata leo."

"Ngoja kwanza. Nitakuja na mtoto, nitafua, nitaoga asubuhi na jioni kwa maji ya moto. Baba akibisha mlango wa bafu mara moja, mara moja tu mama, nafunga mizigo naenda kwa mama mkwe. Na sitarudi. Nakuambia mapema ili tusije tukalaumiana."

"Hatabisha."

"Mwambie yeye, siyo mimi."

Nilimwambia jioni ile, amesimama mbele ya mlango na chaki yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nilikuwa nabisha tu." Nikamwambia ndiyo hicho hicho. Akapangusa vidole kwenye suruali, akasema, "Sitabisha."

Nimeishi naye miaka thelathini na mitatu. Aliwahi kuniahidi kwamba hatasoma mita ya kaka yangu siku tuliyokwenda kumpa pole ya kufiwa, na baada ya robo saa nikamkuta nyuma ya nyumba amepiga magoti, tochi mdomoni. Kwa hiyo sikukaa na ahadi yake mkononi. Nilipiga hesabu yangu. Namba ya mlangoni ikipanda, atateseka. Akiteseka, siku moja mkono utabisha wenyewe. Dawa yake ni namba isipande.

Jirani yetu wa upande wa kushoto ni fundi wa kushona nguo, anaishi peke yake, na sote tunamwita Mama Cherehani. Kati ya ua wake na wetu kuna uzio wa mbao, na mbao mbili zimelegea misumari ya chini. Yeye na mume wangu walikuwa hawasemezani tangu mwaka juzi, Mama Cherehani alipomkuta mzee anachungulia mita yake, na mzee akamwambia choo chake kinavuja. Alimfukuza mpaka barabarani na futi ya kupimia nguo. "Mita ya mwanamke haichunguliwi!" Mtaa mzima ulisikia.

Nilimwendea na bakuli la maharage nikamweleza shida yangu. Nataka kuchota kwake, ndoo sita kwa siku, nipitie kwenye uzio, mume wangu asijue.

Alicheka mpaka akatoa pini mdomoni. "Kumpiga chenga Mzee Mita? Chukua hata kumi."

Binti akaja mwanzo wa likizo ndefu ya shule, nami nikawa nyumbani, na mtoto wa kike wa siku tisa, amefungwa kama mkate. Mume wangu alimpokea mjukuu wake kwa mikono miwili, akamtazama sana, akasema ana mdomo wa bibi yake, atapiga kelele. Binti alicheka kidogo. Kisha akaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikaona mkoba wake umewekwa sakafuni.

Kazi yangu ilikuwa na saa yake. Saa nne kamili asubuhi mume wangu huenda matembezi, yaani huenda kusoma mita za watu kwa jicho moja huku akijifanya anawasalimia. Akishapinda kona, mimi nainua mbao mbili, napita, nachota, narudi. Ndoo tatu za kuogea mama, moja ya mtoto, mbili za kufulia. Namwaga kwenye mapipa ya bafuni, nafunika, nakaa chini kutwanga viungo kama mtu aliyekuwepo hapo tangu asubuhi. Naye alikuwa hakosei. Nusu saa, halafu namsikia anakohoa getini. Anakohoa vizuri, mara mbili tatu, ndipo anafungua komeo. Nilidhani vumbi la barabarani limeanza kumkamata kifua. Nilimchemshia tangawizi, akanywa, akashukuru.

Jioni anaandika. Lita mia na hamsini na tano. Mia na hamsini na nane. Watu watatu na mtoto mchanga! Nilingoja ajisifu. Nilingoja aite mtaa mzima waje kuona. Aliandika, akarudisha chaki juu ya fremu ya mlango, akaenda kumwagilia mboga zake. Mtu ambaye ana maoni juu ya mfuniko wa kopo alikuwa hana maoni juu ya muujiza nyumbani kwake, na mimi, mjinga wa watu, nikaona amefurahi tu mpaka kakosa maneno.

Bafuni, binti alikuwa anaoga na masikio yakiwa nje. Nilijua kwa sababu nami nilikuwa nasikiliza. Kopo, kopo, kopo, halafu kimya anangoja, halafu kopo. Kila siku anangoja. Mume wangu wakati huo hukaa uani, mgongo ameupa mlango wa bafu, mikono ameikalia. Nasema ameikalia kweli, chini ya mapaja, kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki.

Wiki ya tatu yakaingia mambo ya nepi. Binti alikuwa amekuja na nepi za kutupa, mafurushi manne, na pipa letu la taka ambalo hujaa kwa wiki likawa linajaa kwa siku mbili. Mume wangu alikuwa akilibeba kulipeleka jalalani bila kulikagua, uso ameutazamisha pembeni. Jikaze kisabuni, mzee, nikasema moyoni. Lakini mtoto akatoka vipele, mapaja mekundu, analia akifungwa na akifunguliwa. Mama Cherehani alisikia kilio kupitia uzio. Kesho yake akanipa nepi ishirini na nne za kitambaa, zimepigwa pindo kila upande, ameshona kwa mashuka ya watu yaliyotoboka katikati. "Katikati ndipo panapochoka," akasema, "pembeni shuka huwa bado jipya kabisa. Mzee wako atafurahi, mwambie nimeokota jalalani."

Vipele vikaisha kwa siku nne. Taka zikapungua. Ila nepi za kitambaa zinataka kufuliwa, na kufua ni maji. Ndoo sita zikawa kumi. Nina miaka hamsini na minane na kiuno ni hiki hiki kimoja. Nilikuwa napenya kwenye mbao na ndoo ya lita ishirini kila mkono, nikijiuliza kama kuna mwanamke mwingine duniani anayeiba maji ili nyumba yake ionekane inaokoa maji. Nilijiona nampaka mume wangu mafuta kwa mgongo wa chupa, na kila anaponishukuru kwa tangawizi nilikuwa nasikia aibu. Lakini nikisikia makopo bafuni, nikisikia binti yangu anamwimbia mtoto chumbani mwake, nilikuwa tayari kubeba hata mto mzima.

Kitu kimoja nilikiona wakati huo na sikukitilia maanani. Binti alianza kupanga maji ya nepi mwenyewe. Suuza ya mwisho haimwagi, anaiweka iwe ya kwanza kesho, na ile ya kwanza iliyochafuka anaipeleka pipa jeusi. Nilimuuliza nani amemfundisha.

"Hakuna aliyenifundisha," akasema. "Ndivyo nepi zinavyofuliwa, kwani kuna namna nyingine?" Kisha akajishtukia, akaondoka.

Wiki ya tano bomba likakauka. Halikuwa letu peke yetu. Mtambo wa kusukuma maji uliharibika na mji mzima ukabaki na hewa kwenye mabomba. Siku ya kwanza tukatumia yaliyokuwemo. Siku ya pili mume wangu akaoga kwa makopo mawili, niliyahesabu mimi safari hii, na mboga zake akazinyima. Siku ya tatu asubuhi kulikuwa na maji ya kupikia nusu dumu, na ndoo moja. Moja.

Na asubuhi hiyo mtoto alicheua kila alichonyonya kwenye nywele za mama yake. Binti akasimama katikati ya sebule, maziwa yanamchuruzika shingoni, akasema, "Mama, lazima nioshe kichwa."

"Ingia bafuni," nikamwambia. "Ndoo ipo. Anza polepole, naleta nyingine."

Nilimlaza mtoto kwenye kapu lake, nikachukua ndoo tupu, nikaenda kwenye uzio bila hata kuangalia mume wangu yuko wapi. Sikujali tena. Nilijua bomba la Mama Cherehani nalo limekauka, ila mtu anayeishi peke yake huenda ana akiba ya dumu moja. Nilikuwa tayari kupiga magoti.

Mama Cherehani aliitazama ndoo yangu, akaitazama sura yangu, akapumua.

"Njoo huku nyuma," akasema.

Nyuma ya nyumba yake, chini ya bati, palikuwa na mapipa mawili ya bluu, yamefunikwa kwa kitambaa safi na kufungwa kwa mpira. Alifungua moja. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini.

"Ni ya kwenu," akasema. "Mzee wako ndiye aliyeyajaza. Alikuja siku ya tatu tangu binti yako afike, saa nne na robo, wewe umetoka hapa na ndoo yako ya mwisho. Akasimama nje ya geti kwa adabu, akaomba ruhusa. Akaniambia, 'Mita yako imeongezeka lita mia na ishirini kwa siku tangu juzi, na wewe unaishi peke yako. Au umemleta tembo, au mke wangu anachota hapa.'"

Nilikaa juu ya kigoda chake cha kufulia.

"Nilitaka kukana nikashindwa," akaendelea. "Akasema, 'Mwache achote. Binti yangu akae. Ila niruhusu nitengeneze choo chako, ili anachochota yeye kitoke kwenye kinachopotea.' Akakata kipande cha ndala kuukuu, akakiweka ndani ya tangi mahali palipokuwa panapitisha maji. Mara moja kimya. Jirani, mimi miaka miwili nilikuwa nadhani ule mlio ni wa friji! Hata ukichota ndoo kumi, mita yangu sasa inakwenda polepole kuliko zamani. Na hayo yaliyozidi, kila siku anajaza ndoo moja hapa. Alisema bomba hukauka wakati mbaya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua kwamba anajua, utaona aibu. Anapita kona ile pale, anakaa juu ya jiwe, akikuona umemaliza anahesabu mpaka mia, halafu anakuja kukohoa."

Tangawizi yangu yote ile! Sikujua nicheke au nilie, basi nikafanya vyote viwili, nimeshika ndoo.

Nilipoinama kuchota niliona pipa la pili limepungua. "Ameshakuja leo asubuhi," Mama Cherehani akasema. "Kachukua ndoo mbili, hakusema za nini." Nikajua ni za mboga zake. Kakausha koo lake siku mbili ili makopo ya mboga yanywe. Huruma yote niliyokuwa nimeipata ikapungua nusu. Nikabeba ndoo yangu, nikapenya kwenye mbao kwa haraka, maji yananimwagikia kwenye kanga.

Nilipoufikia mlango wa jikoni nikasikia.

Ngo, ngo, ngo.

Makopo yakanyamaza bafuni. Nilisimama pale pale, ndoo mkononi, na mbele ya macho yangu niliona kitanda kinatanduliwa, kapu la mtoto linaingia kwenye basi, nepi ishirini na nne zimekunjwa kwa mama mkwe. Nilisema kimoyomoyo, Mzee, umeshindwa. Siku thelathini na kitu umekaa juu ya mikono yako, na leo, siku ambayo una kila sababu, umeshindwa. Nilimchukia kwa muda ule, sitaficha.

"Nani?" binti akauliza. Sauti ilikuwa kavu.

"Ni mimi."

"Mwanangu," mume wangu akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu anayesoma barua mbele za watu. "Mama yako amekuwekea ndoo moja. Nywele zako hazitoki povu kwa ndoo moja, tangu zamani. Nimekuletea ya pili. Ni ya moto. Naiweka hapa mlangoni, na ya tatu iko jikoni inapata moto."

Niligeuka nikaona. Kwenye jiko langu sufuria kubwa ilikuwa inatoa mvuke, na pembeni yake ndoo tupu.

Kisha mlango ukafunguka ukubwa wa mkono, mkono ukatoka umejaa povu, ukashika ndoo, ukaiingiza. Mlango ukafungwa. Mume wangu akabaki amesimama pale, hajui aende wapi.

"Baba," sauti ikatoka ndani.

"Naam."

"Haya ya mwisho nisiyamwage?"

Namjua mtu huyu. Najua neno gani lilikuwa limemjaa mdomoni. Nilimwona analimeza, na lilikuwa kubwa.

"Leo mwaga, mwanangu," akasema. "Mwaga yote."

Akaja jikoni, akanikuta na ndoo yangu na kanga iliyolowa. Alitazama maji yale, akajua yametoka wapi, na akajua kwamba nimeshajua. Tulitazamana. Akakohoa, mara mbili tatu.

"Nyamaza," nikamwambia, "kabla sijakuchemshia tangawizi." Nikamshika mkono. Ulikuwa bado na alama ya mshikio wa ndoo.

Binti yetu alioga mpaka ndoo ya tatu ikaisha. Hatukuhesabu makopo, na najua hatukuhesabu kwa sababu mume wangu alikuwa anamwimbia mjukuu wake kwa sauti kubwa mbaya ili asisikie. Alipotoka alikuwa amejifunga taulo kichwani, masikio yake safi. Mikononi alikuwa na ndoo imejaa maji ya povu mpaka juu, anaibeba kwa shida, hajamwaga hata tone. Akapita mbele ya baba yake, akaenda kuyamimina kwenye pipa jeusi.

"Nimekuambia umwage," mume wangu akasema.

"Nimesikia," akajibu, na akalifunika pipa.

Maji yalirudi baada ya siku mbili. Mbao za uzio tumezing'oa, pale sasa pana kijilango. Mume wa binti yetu alirejea safari yake ilipotimiza miezi miwili, lakini mkewe alimwambia asubiri kidogo, akakaa na sisi wiki tatu zaidi. Nyuma ya mlango wa jikoni namba zinaendelea kuandikwa kila jioni. Ile ya siku ya ndoo ya pili haipo. Mume wangu anasema siku hiyo alisahau kuandika.